Mawe ya Dereva

Alikuwa mtu wa kupima vitu kwa miguu. Ukimwuliza kutoka kanisani kwetu hadi ghala la ushirika ni umbali gani, hakukujibu "ni hapo tu" kama watu wengine wa Mungu. Alishuka garini, akapandisha suruali kidogo, akatembea hadi huko, akarudi na jibu lake, namba kamili ambayo kesho yake ulishaisahau. Basi ikakubidi kumshukuru kwa kitu ambacho hukukihitaji.

Sote tulimwita Dereva. Walikuja madereva wengi baadaye, ruksa ya biashara huria ilipoingia na kila mwenye ndugu mjini akapata lori bovu la kununua, lakini hao tuliwaita kwa majina yao au kwa majina ya magari yao. Yeye peke yake alibaki na cheo. Aliendesha lori la chama cha ushirika kutoka Mbinga mjini hadi ufukweni mwa ziwa, akishusha mahindi na mbolea, akipandisha mpunga na usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani. Miaka hiyo mimi nilifundisha hesabu katika shule ya msingi iliyo chini ya mteremko. Alikuwa Mmatengo wa upande wa Litembo, Mkatoliki, wa rika la baba yangu. Mengine ya kwao sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza.

Mteremko huo nauona nikifumba macho. Unaondoka juu kwenye baridi, migomba na kahawa, masikio yanaziba, yanazibuka, na katika kila kona unaliona ziwa limekusogelea kidogo. Kona ni saba. Ya mwisho, iliyo kali kuliko zote, iko juu kidogo ya shule yetu, na upande wake wa kushoto hakuna kitu, ni bonde tu. Nilipokuwa nafundisha nilisikia lori likikohoa kule juu, nikajua kona ya ngapi limefika, na wanafunzi nao walijua, wakaacha kunisikiliza.

Kwa Dereva, suala la kusimamisha gari lilikuwa kama katekisimu. Alikuwa na maswali yake na majibu yake, na abiria yeyote aliyepanda mbele alihojiwa.

"Mwalimu, gari linasimama wakati gani?"

"Ukikanyaga breki."

"Hapana. Ukikanyaga breki ndipo linapoanza kukataa. Na kabla hujakanyaga, kwanza unashangaa. Unaona mbuzi, unashangaa, halafu ndipo mguu unapewa habari. Wakati wewe unashangaa, gari linaendelea na safari yake."

Hilo la kushangaa alilipima kweli. Jumamosi moja alinichukua na debe tupu, akaniweka kando ya barabara pale tambarare karibu na ghala, akaniambia pua ya lori ikifika usawa wangu nilipige debe au niliache, nitakavyo mimi, nisimpe ishara. Alikuja kwa mwendo wa ishirini, maana mshale wa mwendo ulikuwa bado unafanya kazi. Nikapiga. Lori likasimama. Akashuka, akatafuta pale magurudumu yalipoanza kukwaruza kokoto, akahesabu kutoka kwangu hadi hapo: tano. Tukarudia mara nne, ikawa tano, tano, sita, tano. "Huu ndio mshangao wangu," akasema, kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Akadai kwamba sisi watu wa ziwani mshangao wetu haupungui hatua kumi, kwa sababu ya kula usipa na kutazama maji kutwa nzima. Nikamwambia wao Wamatengo hawashangai kwa sababu ukungu hauwaachi waone kitu. Tulicheka sana siku ile.

Siku hiyohiyo ndiyo aliyoniaibisha katika somo langu. Aliniuliza: mwendo ukiwa mara mbili, gari litahitaji hatua ngapi zaidi kusimama? Nikasema mara mbili, jambo lililo wazi. Akatoa hatua za mshangao, akahesabu zile za breki tupu. Kwa ishirini zilikuwa saba. Akapanda, akaja kwa arobaini, vumbi likatufunika sote wawili. Akahesabu.

"Saba mara nne ngapi, Mwalimu?"

"Ishirini na nane."

"Mimi nimepata ishirini na saba. Hiyo moja nimeimeza na vumbi."

Mara nne, si mara mbili. Nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani na hilo sikulijua. Alikuwa na hatua ndefu sana, ndefu kuliko urefu wake. Alipopima mimi nilimfuata nyuma nikikimbia na debe langu, viatu vikijaa mchanga.

Tabia zake nyingine hazikupatana na hizo. Mtu huyu aliyegusa kila tairi kwa kiganja kabla ya kuondoka, aliyekataa tairi kipara hata meneja akipiga meza, alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Aliteremka nayo kutoka kwake hadi kanisani Jumapili, koti limejaa upepo, na alisimama kwa kukanyagia soli ya katambuga kwenye gurudumu la nyuma. Paroko alimkemea mara nyingi. Alijibu kwamba baiskeli humuua mwenyewe tu. Pia alikuwa mkali kwa abiria wa juu ya mzigo, aliwateremsha bila huruma katikati ya pori, wazee kwa vijana. Lakini mara mbili nilimwona akipakia jeneza na ndugu wote wa marehemu juu ya magunia, na siku hizo alishuka mteremko taratibu hata watembea kwa miguu walimpita.

Nilimwuliza alijifunza wapi mambo haya. Akanionyesha mlima ulio mbele yetu, ambao wakulima walikuwa wameuchimba ngolo kuanzia juu hadi chini, yale mashimo ya Kimatengo yanayopangwa safu kwa safu ili mvua isichukue udongo. "Mama yangu alikuwa akilima huko," akasema. "Maji ya mlimani huwezi kuyasimamisha bondeni, yameshapata nguvu. Unayasimamisha kule juu, kidogo kidogo, kila shimo linakula kidogo. Ukingoja yafike chini, yatakuchukua na jembe lako." Kwa hiyo yeye aliingiza gia ya pili pale juu kabisa, barabara ikiwa bado imelala, na hakuitoa hadi shuleni. Madereva wa baadaye waliondoa gia ili dizeli isitumike, wakaachia gari lijiendee, breki zikabeba kila kitu. Zilipofika kwetu zilikuwa zinanuka kama kwato za ng'ombe zinazochomwa.

Mawe tuliyaweka pamoja. Nalisema hili mapema ili msije mkanihurumia. Mwaka huo chama kilikuwa bado kina uhai, na Dereva alipewa likizo. Akakaimu mwenzake aliyekuwa hajaizoea njia. Dereva alikuja ofisini kwangu akiwa na wasiwasi, akaomba chokaa ya shule. Nikampa ndoo nzima, nikamfuata na brashi. Tulipanda mteremko kwa miguu, na kabla ya kila kona alihesabu kutoka ukingoni kurudi juu, akaweka jiwe kubwa kando, nami nikalipaka. Kona ya mwisho ilipata hatua arobaini na mbili.

Kila jiwe lilikuwa na maneno yake, ambayo alinisomea. Lori hili. Magunia themanini, si zaidi. Gia ya pili. Njia kavu. Matairi yana meno. Dereva amelala usingizi wa kutosha. Ukifika hapa, mguu uwe kwenye breki. Kama kuna mvua ongeza nusu ya hatua hizo, na kama ni mvua ya kwanza, ile inayolainisha vumbi bila kuliosha, ongeza sawa na zile ulizonazo. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake. Kwenye jiwe kulikuwa na chokaa tu.

Kaimu alishuka salama, likizo ikaisha, mawe yakabaki. Matingo wakayajua, wakawaambia madereva wapya. Ruksa ilipokuja na magari ya kila aina, kila dereva mgeni aliyefika Mbinga akiuliza habari za mteremko aliambiwa, "Usiogope, kanyaga jiweni." Ukawa msemo. Wanafunzi wangu walipochelewa kumaliza jibu ubaoni, wenzao walisema, "Huyo kapita jiwe." Nilijisikia vizuri kila nilipousikia. Hata nilipaka chokaa upya mara mbili, kwa hiari yangu, bila kuombwa na mtu.

Chama kikafa. Hakikutangazwa kufa, ghala lilifungwa, halafu kufuli likaibiwa, halafu mabati. Lori liliuzwa kama chuma. Wanunuzi binafsi wakaingia, na tajiri mmoja aliyekuwa na magari matatu akamtafuta Dereva hadi nyumbani kwake. Alimtaka kwa sababu watu walimwamini. Dereva alikuwa hana kazi na ana watoto wawili sekondari, na angekuwa mjinga kukataa. Alikuja kwangu kwanza.

"Mwalimu, tafuta debe."

Tajiri alikuwa amemwachia gari kulijaribu. Tukaenda pale pale karibu na ghala, mimi nikasimama, yeye akaja kwa mwendo ule ule wa ishirini. Nikapiga. Akashuka, akahesabu, akapanda tena. Tukarudia. Mara ya nne alizima injini. Mshangao wake ulikuwa umefika hatua tisa.

"Labda debe halikulia sawasawa," nikasema.

"Debe limelia." Alipangusa usukani kwa leso, ingawa haukuwa na vumbi. "Siwezi kuwauzia watu hatua nne, Mwalimu. Ni hatua nne za nani?"

Nilimsihi. Nilimwambia hao vijana wengine hawajipimi kabisa, na yeye kwa tisa zake ni bora kuliko wao wote. Sasa nadhani nilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kama ningekuwa nimekosea. Alirudisha funguo jioni ile. Tajiri akampa gari kijana wa Namswea aitwaye Festo, kijana mzuri, asiyekunywa, aliyekuja mwenyewe kwa Dereva kuomba baraka. Dereva alimpeleka mteremkoni akamweleza mambo yote, mzigo, mvua, gia, usingizi. Festo alisikiliza kwa adabu. Alishika neno moja.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya mnada, asubuhi, kidogo tu, watoto wangu wa shule hata hawakukimbilia ndani. Lori la Festo lilikuwa na magunia ya mahindi kupita kiasi, na juu yake watu wa mnada. Nililisikia kona ya tano, ya sita. Ya saba sikuisikia kama ninavyoisikia siku zote.

Sitaeleza nilichokiona bondeni. Muuza vitumbua wetu alikuwa mle, na wanafunzi wangu wawili, ndugu, waliokuwa wametoka kumwona bibi yao Litembo. Niliwafunika kwa kitenge changu na kwa pazia la ofisi ya shule. Festo alikuwa mzima, amekaa barabarani, na kila aliyemfikia, polisi, katekista, mama wa wale watoto, alimwambia maneno yale yale kwa sauti ya kawaida. "Nilikanyaga jiweni. Nendeni mkaangalie. Nilikanyaga pale pale jiweni."

Watu wakaenda kuangalia. Alama za matairi zilianzia usawa wa jiwe kabisa, hazikupungua shubiri.

Dereva alifika siku ya tatu, baada ya maziko. Hakunisalimia. Alisema, "Kumbe nimefundisha mawe, watu sikuwafundisha." Nilijaribu kumwambia kwamba kosa ni la mzigo, ni la tajiri, ni la mvua. Akasema ndiyo, yote hayo ni kweli.

Kisha akapanda kuyaondoa mawe. Aliyaviringisha yote saba bondeni kwa siku moja. Ndani ya wiki yalikuwa yamerudi, si yale yale, ila mengine makubwa zaidi, tajiri amewalipa vibarua. Akayaondoa tena. Safari hii serikali ya kijiji ilimwita. Nilikuwepo kwenye kikao kama mwakilishi wa shule.

"Mzee wangu," mwenyekiti alimwambia kwa heshima, "miaka yote hii magari mangapi yameshuka salama kwa mawe yako? Gari moja limeanguka. Ukiyaondoa, yataanguka mangapi?"

"Sijui."

"Basi hata sisi hatujui. Yaache."

Nilitazama nyuso za wajumbe na sikuona mtu mbaya. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amemzika shemeji yake wiki zile. Walikuwa wanashika kitu pekee walichopewa cha kushika, na Dereva hakuwa na kingine cha kuwapa. Alijaribu kusimama juu ya mteremko na kusimamisha magari, awaambie madereva kwamba jiwe leo haliko pale lilipo. Walimpungia. Mmoja alimrushia sarafu, akidhani anaomba. Nilihamishwa kwenda Ngumbo mwaka uliofuata, na sitadanganya, niliondoka kwa furaha.

Nilikaa huko miaka mingi. Niliporudi mara moja kwa msiba wa rafiki, nilishuka na lori la mizigo kutoka Mbinga, mvua za rasharasha, barabara nyekundu na tope. Kona ya sita dereva aliniambia, "Mama, usishangae ukimwona babu mmoja hapo chini. Ni mzee wa mawe. Hana shida." Nikamwomba aniteremshe. Alinishusha, akaondoka taratibu.

Alikuwa ameinama barabarani, koti limelowa, mikono kwenye jiwe lililopakwa chokaa.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, Mwalimu." Alinitazama, hakushangaa, au alishangaa polepole. "Umenenepa. Vizuri. Nisaidie kubeba hili."

Akanieleza wakati nalinyanyua. Kwa kuwa walikataa kuyaondoa, yeye aliamua kuyahamisha. Siku za mvua aliyapandisha juu, siku za jua aliyateremsha. Alikuwa amefanya hivyo tangu nilipoondoka, kona zote saba mwanzoni, na sasa magoti yamemwachia hii moja tu, iliyo mbaya kuliko zote. Alisema tangu aanze halijaanguka gari kona hii. "Nilihesabu arobaini na mbili, na nusu yake, ni sitini na tatu. Twende."

Alianzia ukingoni, akahesabu kwa sauti, nami nikatembea kando yake na jiwe kifuani. Sikuharakisha. Ilinichukua muda kutambua kwamba sikuharakisha, mimi niliyekuwa nikimkimbilia. Tangu ukingoni nilikuwa nahesabu hatua zangu kimoyomoyo, kama walimu wanavyohesabu kila kitu. Aliposema sitini na tatu akasimama, akaonyesha chini kwa kidole.

"Weka hapo. Mbona umesimama?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Umepata ngapi?"

Ningeweza kusema uongo. "Arobaini na nne," nikasema. "Na za kwangu ni za mama mtu mzima."

Alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa mabuti ya plastiki yaliyomzidi. Alirudi hatua tatu au nne kuelekea kona, akazitazama zikikanyaga tope, fupi, moja ikiikaribia nyingine, za mtu anayeogopa kuteleza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui, Dereva. Uzee hauji siku moja."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiyasogeza konani. Kila mwaka kidogo."

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akafikiri, na uso wake ukachangamka kidogo kama zamani alipokuwa na swali. "Wewe ulikuwepo. Ile hatua yangu ya zamani ilikuwa na urefu gani? Ukinipa hiyo nitakata fimbo, nitapima kwa fimbo."

Darasani kwangu, ukutani, kulikuwa na rula ya ubaoni ya mita moja. Ilining'inia pale miaka yote, nilichapia wanafunzi kwayo, na wala sikuwahi kuichukua hata siku moja nikaiweka chini kati ya kisigino chake kimoja na kingine. Lori la chama lilishakuwa sufuria. Mawe ya kwanza yalikuwa bondeni. Hakukuwa na kitu chochote duniani kilichojua tena arobaini na mbili ni umbali gani.

"Ilikuwa ndefu," nikasema.

"Ndefu kiasi gani?"

"Sikupima, Dereva. Nisamehe."

Honi ikalia juu. Lori lilitokeza kona ya sita, limejaa hadi juu ya maturubai, watu wamekaa wakijifunika mifuko ya nailoni. Dereva wake alikuwa ameinamisha kichwa upande wa dirisha, macho yanatembea kando ya barabara, akilitafuta jiwe. Jiwe lilikuwa mikononi mwangu. Sikujua nipande nalo au nibaki. Nilibaki nilipokuwa, nikaogopa hata kuhamisha mguu. Alipofika usawa wangu akakanyaga.

Lori liliserereka, likageuza uso, tairi la nyuma likamega kipande cha ukingo, likapita. Waliokaa juu wakatupungia mkono, na mtoto mmoja akacheka. Nikaliachia jiwe likaanguka topeni. Dereva alikuwa ameshanyanyuka. Alikwenda hadi pale ukingo ulipomegeka, akapandisha suruali kidogo, akageuka, akaanza kuhesabu upya kuja juu. Moja. Mbili. Tatu. Mvua ilikuwa inaongezeka, na mimi sikuwa na neno la kumzuia wala namba ya kumpa.